Jinsi ya Kuandaa Vitabu vya Likizo na Shughuli za Msimu katika Maktaba ya Shule ya Msingi

Zipo shule nyingi za msingi nchini Tanzania ambazo maktaba yake ni kabati moja katika ofisi ya walimu, na ufunguo wake hukaa kwa mwalimu mmoja. Likizo inapokaribia, kabati hilo hufungwa mapema kuliko hata madarasa, kwa hofu kwamba vitabu vikitoka havitarudi. Kwa hiyo mwezi Juni na mwezi Desemba, wakati mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kujisomea, ndipo anapokosa kitabu. Maelezo yafuatayo ni ya mwalimu wa maktaba, pamoja na wazazi na walezi wanaotaka vitabu hivyo vitoke, visomwe nyumbani na virudi shuleni.

Kazi ya kwanza hufanyika wiki mbili au tatu kabla ya kufunga shule, nayo ni kutenganisha vitabu vya kiada na vitabu vya ziada. Vya kiada vimeandikishwa kwenye leja ya shule, na mwalimu mkuu huulizwa habari zake wathibiti ubora wanapokuja. Hivyo vibaki palepale. Hadithi, mashairi, vitabu vya picha, vya wanyama na vya maarifa ndivyo vya kuazimisha. Fungua daftari maalumu lenye safu za jina la mwanafunzi, darasa, jina na namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na hali ya kitabu siku kinapotoka. Safu hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, ingawa ndiyo inayozuia ugomvi: ikiwa imeandikwa mapema kwamba jalada limechanika na ukurasa wa 14 haupo, hakuna mzazi atakayeitwa kudaiwa kosa ambalo mwanawe hakulitenda.

Orodha ya vitabu vya likizo isiandikwe kwa darasa zima kana kwamba wanafunzi wote wa Darasa la Tatu wanasoma kwa kiwango kimoja. Wako walimu wanaompa mtoto ukurasa mmoja asome kwa sauti, wakahesabu maneno yanayomshinda. Kwa Kiswahili kipimo hicho hudanganya. Maandishi yetu hufuata matamshi, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama huku hajaelewa alichokisoma. Kipimo kinachofaa ni kufunga kitabu na kumwomba asimulie kwa maneno yake yaliyotokea katika ukurasa huo. Akisimulia kwa mpangilio, kitabu kinamfaa. Akirudia neno moja moja alilolikumbuka, mpe kilicho chepesi zaidi, na usimwambie mbele ya wenzake kuwa ni cha darasa la chini. Kwa wanaoanza, tazama pia urefu wa maneno. Sentensi kama “Baba analima” haiwi mzigo, lakini “waliowapelekea” ni neno moja lenye habari nyingi, na mtoto akifika mwisho wake huwa amekwisha kusahau mwanzo.

Kwa madarasa ya juu, kila orodha iwe na kitabu kimoja ambacho mtu mzima atamsomea mtoto kwa sauti. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kinafaa sana kwa kazi hiyo: msomaji anakutana na mtu mwema anayewacharaza viboko manyani wawili kila usiku, na sijamwona mtoto anayekubali kitabu kifungwe kabla hajajua sababu. Lugha yake ina maneno yasiyosikika sana siku hizi, ndiyo maana nashauri kisomwe na watu wawili badala ya mtoto kuachiwa peke yake. Shule yenye vitabu vichache inaweza pia kutumia hadithi za mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, ambazo zipo kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na zinaruhusiwa kupakuliwa na kuchapishwa bila malipo. Hadithi fupi ya picha ikichapishwa kwenye duka la steshenari na kubanwa pini huwa kitabu kamili, na kikipotea hakimpotezei mtu usingizi.

Baada ya kuchagua vitabu, fikiria msimu. Mapumziko mafupi ya mwezi Aprili huangukia katika masika kwenye maeneo mengi ya pwani na kaskazini, na vitabu huharibika kwa unyevu kuliko kwa mikono ya watoto. Kila kitabu kifunikwe kwa karatasi ya kaki au gazeti, kiwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mzazi aelezwe kwamba kitabu kilicholowa huanikwa kivulini kikiwa kimefunguliwa, wala si juani wala karibu na jiko. Msimu huo unafaa kwa vitabu vya mimea, wadudu na hali ya hewa, vikiambatana na shughuli moja ya kupima mvua. Kata chupa ya maji ya plastiki sehemu ya juu, ingiza shingo yake ndani kichwa chini, tia kokoto chini ili isipeperushwe na upepo, kisha mimina maji kidogo hadi pale ambapo chupa imenyooka na uchore mstari wa sifuri. Kila asubuhi mtoto apime kwa rula maji yaliyozidi mstari huo, aandike milimita kwenye daftari, halafu ayarudishe kwenye mstari. Shule ikifunguliwa, daftari hizo zilinganishwe, maana mvua ya mtaa mmoja mara nyingi si mvua ya mtaa wa pili. Siku ya Vitabu Duniani, tarehe 23 Aprili, ni nafasi nzuri ya kuonyesha kazi hizo ubaoni.

Likizo ya Juni ina mambo mengi zaidi. Vijijini ni wakati wa mavuno katika sehemu nyingi, na watoto wengi wa mjini hupelekwa kwa bibi na babu. Kudai mtoto asome saa mbili kila siku wakati familia iko shambani ni kujidanganya. Kitabu kimoja au viwili vinatosha, na kazi iwe ya kukusanya. Kila mwanafunzi arudi na vitendawili vitano na hadithi moja aliyoipata kwa mtu mzima, akiandika jina la kijiji alikoisikia. “Nyumba yangu haina mlango” kila mtoto anajua kuwa ni yai. Kinachotafutwa ni vile ambavyo mwalimu mwenyewe atashindwa kuvitegua na kulazimika kutoa mji. Ikiwa babu anasimulia kwa Kisukuma au Kipare, mtoto aandike kwanza kwa lugha hiyo kadiri awezavyo, kisha kwa Kiswahili. Daftari hizo zikishonwa pamoja kwa uzi na kutiwa jalada gumu, ziingie kabatini zikiwa na namba kama vitabu vingine. Zizinduliwe katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Kwa kuwa siku yenyewe ni sikukuu ya Saba Saba, hafla ifanyike siku ya masomo iliyo karibu, na waliosimulia waalikwe.

Katika mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, shule zenye wanafunzi wengi wanaofunga zihamishie kipindi cha maktaba asubuhi.

Desemba ni mwezi wa safari. Anayekwenda Moshi kwa basi kutoka Dar es Salaam apewe kitabu chembamba cha kutia mfukoni na karatasi ya kuandika majina ya miji anayoyasoma kwenye vibao: Chalinze, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Kila mji auandikie swali moja litakalojibiwa na mwalimu wa jiografia mwezi Januari.

Mzazi asiyejua kusoma asiachwe nje. Katika mkutano wa wazazi aelezwe kwamba kazi yake ni kusikiliza, na kuuliza maswali mawili: nini kimetokea, na wewe ungefanya nini? Nyumbani kusiwe na mtihani wala alama.

Kwa darasa la mwisho, vitabu vikusanywe Agosti, kwa kuwa baada ya mtihani wa Septemba wanafunzi hao hawaonekani tena. Kwa wengine, wiki ya kwanza ya muhula itengwe kwa kupokea na kukarabati: gundi kwa jalada lililobanduka, uzi kwa kurasa zilizolegea. Kitabu kilichopotea kisilipwe kwa fedha. Familia itoe siku moja ya kufunika vitabu vingine, au mtoto anakili kwa mwandiko wake hadithi fupi itakayowekwa mahali pake, na aruhusiwe kuazima kingine siku hiyohiyo.