Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Porini Kuwinda kwa Miguu

Mgeni anayejiandaa kuwinda kwa miguu huanza na bunduki, ilhali kinachowabakiza wengi kambini siku ya pili ni malengelenge. Nyayo za nyati zilizopatikana alfajiri huweza kufuatwa hadi jua la utosi, juu ya ardhi yenye mashimo ya ngiri na visiki vilivyofichwa na nyasi, na zikipotea kwenye changarawe watu wote husimama kimya huku msoma nyayo akizunguka kutafuta jani lililokanyagwa. Buti basi zivaliwe miezi kadhaa kabla ya safari, na mazoezi ya kutembea yafanywe kwa mzigo uleule utakaobebwa, yaani bunduki yenye uzito wa kilo nne hivi pamoja na maji ya kutwa, kwa kuwa begani kilo hizo huongezeka kila saa.

Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inauruhusu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, katika vitalu maalumu na kwa msimu unaoanza 1 Julai, na mgeni huongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni huku askari wa wanyamapori akiwepo. Soma leseni yako mnyama kwa mnyama kabla ya kuondoka. Vilevile uliza mapema kama nchi yako inapokea nyara, yaani pembe, ngozi au fuvu, za mnyama utakayemwinda, kwa sababu kibali cha kuzitoa hakikuhakikishii kibali cha kuziingiza.

Kuhusu silaha, kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya .375 ndiyo kiwango cha chini kinachodaiwa na nchi nyingi kwa nyati na tembo, na kwa maoni yangu inamtosha mgeni: afadhali hiyo unayoimudu kuliko kubwa zaidi inayokufanya ufumbe macho kabla ya kufyatua. Acha kujifunza kulenga ukiwa umeketi mezani. Porini utasimama, bunduki ikiegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa juu, pumzi bado haijatulia, na mnyama yuko umbali usiofika mita mia moja huku tawi likimkata bega. Kubaliana na kiongozi wako tangu kambini ni lini risasi itaingizwa chemba, nani atatangulia, na nani atafyatua iwapo mnyama atajeruhiwa. Nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichaka kizito, na huko anayeamua ni kiongozi peke yake, hata kama mgeni ndiye aliyelipa.

Sabuni yenye manukato na marashi viachwe nyumbani. Msoma nyayo hutikisa kijifuko cha majivu na kutazama vumbi lake linaelekea wapi. Likielekea aliko mnyama, mtazunguka mbali upya, pengine kilomita mbili, ili mumjie mnyama dhidi ya upepo.

Katika misitu ya miombo kuna mbung'o, ambao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi na huuma hata kupitia kitambaa chepesi. Vaa mikono mirefu yenye rangi ya khaki au kijani kilichofifia. Dawa ya kuzuia malaria ianzwe kama daktari alivyoelekeza, na kabla ya kulipia bima hakikisha imetaja uwindaji waziwazi na kusafirishwa kwa ndege kutoka kiwanja cha porini, kwani bima nyingi za kawaida za wasafiri huyaacha haya kimyakimya. Kambi iwe na simu ya setilaiti, na si kiongozi pekee ajue kuitumia. Bendeji ya kubana damu ikae mfukoni, kwani begi mara nyingi hubaki garini.

Ukishikwa na homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mwambie daktari kwamba uliumwa na mbung'o, maana asipoambiwa atapima malaria tu na malale hayatamjia akilini.