Jinsi ya kutoa maoni kuhusu kanuni za soko la nje zikiwa bado rasimu

Vikao vingi vya wauzaji mazao hapa Nairobi huitishwa kanuni ikishachapishwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, na hapo kinachobaki ni kuomba muda tu. Angalia kanuni ya Ulaya ya ukataji misitu, 2023/1115, inayogusa kahawa yetu. Kuanza kwake kumesogezwa mbele mara mbili, Desemba 2024 na Desemba 2025, lakini siku ya kupimia misitu iliyokatwa, Desemba 31, 2020 (zao la shamba lililokatiwa msitu baada ya hapo halikubaliki), haikuguswa. Maneno ya kanuni hubadilishwa kwenye rasimu.

Jisajilini kwanza kwenye ePing, mfumo wa bure wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) na washirika wake unaotuma kwa barua pepe arifa za rasimu za kanuni za nchi wanachama. Chagueni bidhaa kwa nambari za forodha (kahawa 0901, chai 0902, waridi 0603.11, mishiri au maharagwe mabichi 0708.20, parachichi 0804.40), kisha masoko mnayouzia. Mkiweka bidhaa zote na nchi zote, baada ya wiki mbili hakuna atakayezifungua. Kazi hii iwe ya mtu mmoja anayejulikana, na awepo wa kumshikia akienda likizo.

Arifa yenyewe ni fomu ya kurasa chache. Msiijibu hiyo, pakueni rasimu iliyoambatishwa. Muda wa maoni unaopendekezwa na WTO ni angalau siku 60, ila hesabuni kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, si siku mliyoisoma. Angalieni pia tarehe ya kupitishwa. Kama imeshapita, nguvu zote ziende kwenye kipindi cha mpito: mawaziri wa nchi za WTO walikubaliana Doha mwaka 2001 kwamba kati ya kuchapishwa na kuanza kutumika, kwa kawaida isipungue miezi 6. Litajeni azimio hilo waziwazi.

Kuandika ndiko kunakoangusha wengi. Tuseme rasimu inashusha mabaki ya dawa fulani kwenye mishiri kutoka miligramu 0.05 kwa kilo hadi 0.01. Hicho cha 0.01 ndicho kiwango cha jumla cha Ulaya kwa dawa isiyo na kiwango chake, na shambani maana yake ni kwamba dawa hiyo imekwisha kazi. Ukiandika "hatua hii itawaumiza wakulima wadogo", afisa wa usalama wa chakula hana la kufanya nayo. Yeye anapima afya ya mlaji. Andikeni namna hii:

"Kiambatisho, mstari wa mishiri: tunaomba 0.05 ibaki kwa miezi 18. Dawa mbadala iliyosajiliwa Kenya ni moja tu, na majaribio ya nyingine yanahitaji misimu miwili. Matokeo ya sampuli 40 za maabara yameambatishwa."

Tarakimu hizo ni za mfano. Zenu zitoke kwenye daftari za mashamba na vyeti vya maabara. Kila hoja iwe na kifungu chake, tatizo, ushahidi na maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Hoja tatu zenye ushahidi zinatosha. Hoja kumi na tano za malalamiko husomwa kama lalamiko moja.

Tumeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni serikali, kwa sababu mbele ya WTO anayestahili kusikilizwa ni nchi, si chama chenu. Lebo, vifungashio na viwango vya kiufundi hupitia KEBS, shirika la viwango la Kenya, Popo Road, South C. Afya ya mimea hupitia KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Wapeni wiki tatu kabla ya mwisho, maana barua itapita meza kadhaa kabla haijawa msimamo wa Kenya. Ya pili ni tovuti ya Tume ya Ulaya, Have Your Say, iliyo wazi kwa yeyote duniani: kwa kawaida wiki 4 kwa rasimu za utekelezaji na wiki 8 kwa sheria zilizopendekezwa. Nafasi ni herufi 4,000, pamoja na faili la kuambatisha. Kila kitu huchapishwa hadharani, kwa hiyo ondoeni majina ya wakulima, simu zao, bei za mikataba na viwianishi (GPS) vya mashamba.

Msinakili barua ya jirani. Barua ishirini zinazofanana huhesabiwa kampeni moja. Wenzetu wa Uganda au Ethiopia wakileta takwimu zao kwenye kifungu kilekile, uzito ni mwingine kabisa. Ombeni jibu la maandishi. Lisipokuja, iandikieni wizara ya biashara ili ujumbe wetu wa Geneva uliibue kama wasiwasi mahususi wa kibiashara kwenye kamati ya WTO. Kamati ya vikwazo vya kiufundi vya biashara hukutana mara tatu kwa mwaka. Mpeni mwakilishi ukurasa mmoja, wenye nambari ya arifa juu kabisa.

Masharti ya supamaketi hayapiti njia hii. GLOBALG.A.P., kwa mfano, ni kiwango cha kilimo cha binafsi, si cha serikali, chenye mzunguko wake wa mapitio na maoni. Hapo maoni hupelekwa kwao moja kwa moja.