Somo: Kupiga ngoma ya hatua 12 kwa Volca na BeatStep Pro

Mashine za ngoma zimezoea hatua 16, yaani mapigo manne yenye hatua nne nne. Kwa house au hip hop inatosha kabisa. Ukitaka mwendo wa sita kwa nane, kama ule wa chakacha ya Mombasa na Lamu, mpangilio huo unakuzuia, kwa sababu kila pigo linahitaji kugawanyika mara tatu. Hapa tunatengeneza mzunguko wa hatua 12 kwa mashine tatu bila kompyuta kuwashwa wakati wa kupiga. Kompyuta itahitajika mara moja tu, kwenye maandalizi.

VIFAA

Sikwensa, yaani mashine inayotuma noti kwa mpangilio, ni Arturia BeatStep Pro. Ngoma zinatoka Korg Volca Beats, besi inatoka Korg Volca Keys. Ongeza kisanduku cha MIDI THRU (MIDI ni lugha ambayo mashine za muziki hutumiana noti na mwendo) chenye tundu moja la kuingia na mawili au zaidi ya kutoka, nyaya tatu za MIDI za pini tano, na miksa yenye angalau chaneli mbili.

Kisanduku cha THRU usikiruke. Volca hizi zina MIDI IN peke yake. Hazina OUT wala THRU, kwa hiyo huwezi kutoka Beats kwenda Keys. Kuna wanaokata waya na kuufanya wa matawi mawili. MIDI hufanya kazi kwa mkondo mdogo wa takriban miliampia 5, na ukiugawa kwa mashine mbili, kila moja inapata nusu. Siku moja itafanya kazi, siku nyingine noti zitapotea au zitaganda zikilia bila kukoma.

Umeme: Volca inatumia volti 9 na katikati ya plagi yake ni chanya. Adapta nyingi za pedali za gitaa nazo ni za volti 9, lakini katikati yake ni hasi. Angalia mchoro mdogo wa duara kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Kama huna uhakika, tumia betri sita za AA. Zinasaidia pia umeme unapokatika, na BeatStep Pro yenyewe hula volti 5 za USB, hivyo chaja ya simu au pawabenki inatosha.

HATUA ZA KUUNGANISHA

1. Chomeka adapta ya MIDI iliyokuja na BeatStep Pro kwenye tundu lake dogo la MIDI OUT. Kutoka hapo waya uende kwenye kisanduku cha THRU, kisha waya mmoja kwa Beats na mmoja kwa Keys.

2. Weka chaneli. Zima Volca, shika kitufe cha MEMORY, washa huku umekishika. Vitufe vya hatua 1 hadi 16 sasa ni chaneli. Beats iwe 10, Keys iwe 1, kisha bonyeza REC kuhifadhi. Kwenye BeatStep Pro, SEQ1 kwa kawaida iko chaneli 1 na DRUM iko chaneli 10, kwa hiyo upande huo huna la kugusa.

3. Bonyeza SYNC kwenye BeatStep Pro mpaka taa ikae INT. Hii ndiyo itakayoshika saa, nyingine zote zifuate. Usichomeke nyaya za SYNC za Volca juu ya MIDI. Saa moja inatosha.

4. Futa pateni (mipangilio ya mapigo) zilizomo ndani ya Volca zote mbili, au chagua nafasi ya MEMORY iliyo tupu. Volca ikipokea amri ya kuanza kupitia MIDI, huanza pia kupiga pateni yake ya ndani. Wengi hukaa wakitafuta kiki (pigo zito la chini) ya ajabu inatoka wapi, kumbe ni Beats inapiga hatua zake 16 chini ya 12 zako.

5. Panga noti za ngoma. BeatStep Pro ikitoka kiwandani, padi zake 16 hutuma noti 36 hadi 51 kwa mfululizo. Volca Beats inasikiliza hizi: kiki 36, snea 38, klapu 39, haihati ya kufunga 42, tom ya chini 43, haihati ya kufungua 46, krashi 49, tom ya juu 50, agogo 67 na klavesi 75. Kwa hiyo padi ya 1 ni kiki, ya 3 ni snea, ya 7 ni haihati, ya 8 na ya 15 ni tom, wakati padi ya 2 iko kimya. Agogo na klavesi hazifikiki kabisa. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika: fungua programu ya Arturia ya MIDI Control Center, weka ramani ya ngoma kwenye USER, ipe padi ya 2 noti 67 na padi ya 5 noti 75. Hifadhi, chomoa kompyuta.

KUPATA HATUA 12

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuwasha hali ya TRIPLET, inayogawanya pigo mara tatu. Namba ya BPM (mapigo kwa dakika) unayoiona ndiyo unayoisikia, na kwa sikwensa peke yake hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba Volca inahesabu hatua zake kwa robo ya pigo. Saa ya MIDI hutuma tiki 24 kwa kila pigo. Hatua ya kawaida ni tiki 6, ya triplet ni tiki 8. Ukirekodi chochote ndani ya Volca baadaye, hatua zake hazitakutana na zako.

Nashauri ya pili: acha hatua ziwe robo ya pigo (1/16), shika LAST STEP, bonyeza kitufe cha 12. Fanya hivyo kwa DRUM na kwa SEQ1. Sasa pigo ulisikie kila baada ya hatua tatu badala ya nne. Mashine zote zinabaki na hatua ya tiki 6.

Gharama yake ni hesabu ndogo ya mwendo. Chukua BPM unayotaka kusikia, zidisha kwa 3, gawanya kwa 4. Ukitaka 120 weka 90. Ukitaka 100 weka 75, na 140 ni 105. Ukisahau hili ngoma itakimbia kuliko ulivyotarajia, na utadhani mashine ina hitilafu.

SWING iwe asilimia 50, yaani imezimwa. Swing huchelewesha hatua za shufwa: 2, 4, 6, na kuendelea. Katika mafungu ya tatu tatu, hatua ya 4 na ya 10 ni mwanzo wa pigo. Kwa hiyo swing itachelewesha pigo la pili na la nne, na kuacha la kwanza na la tatu mahali pake. Ngoma inachechemea.

PATENI

Alama x ni kupiga, nukta ni kuacha.

Kiki: x.. ... x.. ..x
Tom ya chini: ... x.. ... x..
Tom ya juu: ..x .xx ..x .xx
Haihati: x.x .x. x.x .x.
Besi: x.. .x. ..x ...

Hii si nakala ya chakacha wala ya ngoma yoyote maalumu. Ni mifupa tu. Tom ya chini inashika nafasi ambayo ngomani ingekuwa ya vumi (ngoma kubwa), ya juu nafasi ya chapuo (ngoma ndogo). Anza na kiki na tom ya chini peke yake, usikie mapigo manne yametulia. Kisha ingiza haihati. Inapiga kila baada ya hatua mbili, kwa hiyo mara 6 ndani ya mapigo 4, na mvutano wa tatu dhidi ya mbili unaanza kusikika hapo. Besi inapiga mara 3, kila baada ya hatua nne, nayo inavuta upande wake. Ukiingiza vyote kwa mpigo mmoja hutajua ni kipi kinachokupoteza.

Ukitaka kengele, agogo kwenye padi ya 2 inaweza kupiga x.x .xx .x. x.x, mtindo unaojulikana sana Afrika Magharibi, kwa Waewe wa Ghana kwa mfano, na uliovuka bahari hadi Cuba. Ukiuweka, punguza tom ya juu. Vyote viwili vikijaa, sikio linachoka ndani ya dakika moja.

Kwenye Volca Beats, tom zipige fupi: DECAY chini ya nusu. Tuni tom ya juu hadi isigongane na besi. Snea ya mashine hii ni dhaifu na inajulikana kwa hilo, sababu nyingine ya kutoitegemea hapa.

Kwenye Volca Keys weka VOICE kwenye UNISON, DETUNE kidogo sana, CUTOFF theluthi moja ya mzunguko, PEAK chini, EG INT ya kichujio karibu nusu. ATTACK sifuri, SUSTAIN sifuri, DECAY fupi. Noti moja ya chini, D au E, inatosha kwa kuanzia. DELAY FEEDBACK iwe sifuri mpaka pateni ikae. Dilei ya Keys hujifunga kwenye mwendo wa mashine, hivyo mwangwi wake unaweza kuangukia mahali pasipo na pigo lako. Ukiihitaji, zima TEMPO DELAY kwa FUNC, kisha zungusha TIME kwa sikio. Ukiwa kwenye 90, hatua tatu ni nusu sekunde kamili, na hapo mwangwi unatua juu ya pigo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Tanga: Shukrani mkuu. Nimeunganisha kila kitu lakini BeatStep haitumi chochote. Adapta ya asili ilipotea, nimenunua nyingine ya bei nafuu.

Jibu: Adapta ndiyo yenye kasoro, mkuu. Plagi ndogo za MIDI zipo za aina A na aina B. Mwaka 2018 aina A ndiyo iliyokubaliwa kuwa kiwango, lakini BeatStep Pro ilitoka kabla ya hapo na inatumia B. Tofauti ni kwamba pini ya 4 na ya 5 zimebadilishana. Hakuna kilichoungua. Nunua ya aina B, au kama unajua kulehemu, fungua plagi ya pini tano ubadilishe nyaya hizo mbili.

Kijana wa Likoni: Volca Keys nikisikiliza kwa hedfoni iko poa, nikiingiza kwenye miksa besi inapotea, inabaki sauti nyembamba kama ya redio ya mbali.

Jibu: Unatumia waya wa stereo kuingia kwenye tundu la balansi. Keys hutoa sauti ileile kushoto na kulia. Tundu la balansi huchukua upande mmoja na kuutoa kwenye mwingine, na vitu viwili vinavyolingana vikitoana hubaki karibu na sifuri. Tumia waya wa matawi, stereo ndogo upande mmoja na plagi mbili za mono upande wa pili, kisha chomeka moja tu. Nyingine iache ikining'inia bila kugusa chuma.

Dada wa Kinondoni: Padi za BeatStep nazipiga kwa nguvu na kwa ulaini lakini ngoma zote zinalia sawasawa. Ninakosea wapi?

Jibu: Hukosei, dada. Volca Beats haijali nguvu ya noti. Ukubwa wa sauti ya kila ngoma hubadilishwa kwa CC, yaani ujumbe wa MIDI wa kurekebisha kitu: kiki ni CC 40, snea 41, tom ya chini 42, ya juu 43, haihati ya kufunga 44, ya kufungua 45. Kwenye MIDI Control Center zipe nobu za BeatStep namba hizo kwenye chaneli 10, kisha tumia hali ya CONTROL kuzipandisha na kuzishusha ukiwa unapiga. Kwa mkazo wa hatua moja moja, njia rahisi zaidi ni kuongeza klapu au klavesi juu ya hatua unayotaka isikike.

Mdau wa Tanga: Imekubali. Sasa kuna mvumo wa chini hata nisipopiga.

Jibu: Zima, kisha washa mashine moja moja ujue unaingia lini. Mara nyingi ni adapta moja iliyogawanywa kwa Volca mbili, au BeatStep kupata umeme kutoka kwenye laptop. Zipeleke Volca kwenye betri kwa dakika tano. Mvumo ukiisha, nunua adapta ya pili. Waya wa MIDI wenyewe si mshukiwa, kwa sababu upande wa kupokea hutenganishwa kwa mwanga na hauunganishi ardhi za mashine.

Kijana wa Likoni: Je, naweza kuacha besi hatua 16 na ngoma 12?

Jibu: Unaweza, na inapendeza. Zitakutana tena baada ya hatua 48, yaani mizunguko minne ya ngoma na mitatu ya besi. Angalizo ni wakati wa kusimamisha. Ukibonyeza PLAY tena ili kusitisha kisha ukaendelea, mashine zinaendelea pale zilipoishia. Ukitaka zote zianze hatua ya kwanza bonyeza STOP kwanza, ndipo PLAY.

Mtaa wa Juu: Mimi ni wa singeli, mwendo wa 240. Hatua 12 sizihitaji, ila je, vifaa hivi vitafika?

Jibu: BeatStep Pro inafika 300. Lakini usiende huko; weka 120 na ubadilishe hatua ziwe 1/32, utapata kasi ileile na pateni zako za ndani za Volca zitaweza kwenda nusu ya mwendo, jambo linalofaa kwa besi. Kazi kubwa iko kwenye DECAY. Kwa 240, hatua moja ni milisekunde 62 na nusu. Kiki ndefu kuliko hapo itafunika hatua inayofuata, na kwenye spika kubwa utasikia ngurumo moja isiyo na mapigo. Punguza DECAY ya kiki mpaka ibaki mgongo tu, halafu ipandishe kidogo kidogo.