SOMO: Mchanga peke yake hauyeyuki – kioo cha Misri ya kale, hatua kwa hatua

Wiki hii pekee nimejibu mara nne swali lile lile: "Fundi, nimeweka mchanga kwenye mkaa siku nzima, mbona haugeuki kioo?" Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mfano wangu ni Misri ya miaka ya 1400 hadi 1200 KK, kwa sababu masalia ya karakana zake yamechimbuliwa Amarna na Qantir. Mesopotamia na Siria walitangulia. Kupuliza kioo kwa bomba msikufikirie kabisa, kulikuja karne ya 1 KK.

Hatua ya 1. Tafuta mawe meupe ya kwatzi, twanga, chekecha mpaka yawe laini kama sembe.

Hatua ya 2. Majivu. Jibu la swali lenu liko hapa. Kwatzi safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Tanuri la kuni la kale halikufika huko, na jiko lako halifiki. Kinachoshusha joto hilo ni soda, na Wamisri wa wakati huo waliipata kwa kuchoma mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi. Majivu yake yana soda na chokaa kwa pamoja: soda inayeyusha, chokaa inakaza. Kioo cha soda bila chokaa huliwa na maji. Majivu ya kuni za jikoni yana potasi nyingi na soda kidogo, kwa hiyo usiyategemee.

Hatua ya 3. Changanya, pika kwenye mtungi wa udongo, nyuzi 900 hadi 950. Kule Qantir mitungi ilipakwa chokaa ndani ili kioo kisinate kwenye udongo. Unachopata ni bonge lenye mapovu na punje zisizoiva. Vunja mtungi, ponda bonge, osha chumvi iliyobaki.

Hatua ya 4. Pika tena kwenye chungu kingine, safari hii zaidi ya nyuzi 1,000, ukitia rangi. Shaba hutoa bluu ya feruzi. Shaba hiyo hiyo ikinyimwa hewa hutoa nyekundu, na Qantir walikuwa mabingwa wa nyekundu. Bluu iliyokoza ni kobalti, waliyoipata kwenye madini ya shabu (alum) ya oasisi za Kharga na Dakhla. Kikipoa kinatoka kama kisahani kinene.

Kutengeneza kioo kumeishia hapo. Kufinyanga vyombo ilikuwa kazi nyingine, mara nyingi ya watu wengine, mahali pengine. Merikebu iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK, ilibeba visahani vya kioo 175 hivi, vya bluu, feruzi na zambarau. Fundi aliyevipokea hakuhitaji kujua lolote kuhusu majivu.

Hatua ya 5. Finyanga kiini cha udongo, mchanga na samadi kwenye ncha ya ufito. Samadi huungua na kuacha matundu, ndiyo maana baadaye kiini kinakwanguka. Kikaushe kabisa.

Hatua ya 6. Kivike kioo kilichoyeyuka huku ukizungusha, kisha kibingirishe juu ya bamba la jiwe mpaka kiwe sawa.

Hatua ya 7. Nyuzi za rangi. Unavuta kioo cha rangi kiwe uzi, unauzungushia chombo kikiwa bado laini, halafu unaukokota kwa ncha kali, juu, chini, juu, mpaka mistari iwe mawimbi. Katika jumba la British Museum kuna chupa ya Amarna yenye umbo la sato, urefu wa sentimita 14 na kitu, na magamba yake yote ni nyuzi zilizokokotwa hivyo. Kwa ajili ya samaki huyo nilipoteza kazi ya wiki mbili. Mwili nilitumia chupa ya bia ya kijani, nyuzi nikavuta kutoka chupa ya manukato ya bluu. Kilitoka kizuri, nikakipoza vizuri, nikakiweka rafuni. Usiku wa pili nikasikia "ta!" Kimepasuka kufuata uzi wa bluu, kuanzia shingoni hadi kitako, kana kwamba kimekatwa kwa wembe.

ONYO: vioo viwili tofauti havinywei sawasawa vinapopoa. Kupoza polepole hakuponyi kosa hilo. Na mpasuko unaweza kuja baada ya siku kadhaa, chombo kikiwa mkononi mwa mteja. Kabla ya kuanza, yeyusha vipande viwili ubavu kwa ubavu, vuta uzi mmoja, uache upoe. Ukipinda, achana navyo. Njia ya hakika ni kuyeyusha kioo kimoja cha msingi, ukigawe, kila fungu ulitie rangi yake.

Hatua ya 8. Poza ndani ya tanuri lililofungwa, usiku kucha, usichungulie. Toa ufito, kwangua kiini.

MASWALI

Chapakazi: Mkuu, nimechukua mchanga mweupe wa Paje, kilo tano, haujayeyuka. Tatizo nini?
Fundi: Soma hatua ya 2.

Chapakazi: Nimesoma. Mchanga ni mweupe kabisa lakini.
Fundi: Weupe si hoja. Mchanga wa huko ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Kamulia limau: ukitoa povu, si kwatzi. Hatua ya 1 nimeandika mawe ya kwatzi.

Binti Saidi: Shikamoo fundi. Magadi ya kupikia maharage hayawezi kuchukua nafasi ya majivu?
Fundi: Marahaba, mwanangu. Yanaweza, na historia ilipita njia hiyo hiyo. Katika milenia ya 1 KK mafundi walihamia kwenye magadi ya Wadi Natrun, Misri, na Warumi wakayatumia kwa wingi. Magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, nayo huuzwa kwa viwanda vya kioo. Ila magadi hayana chokaa ya kutosha, lazima itoke kwingine. Warumi waliipata kwenye makombe yaliyochanganyika na mchanga wa pwani. Kwa hiyo mchanga wa Paje una kazi: kijiko, si kilo tano. Vaa barakoa unapoyasaga.

Mzee wa Kale: Mbona tulifundishwa kwamba Wafinisia walikigundua ufukweni, wakiinjika vyungu juu ya mabonge ya magadi?
Fundi: Hiyo ni simulizi ya Plinio Mzee, Mrumi aliyefariki mwaka 79 BK. Wakati huo kioo kilikuwa kimeshatengenezwa kwa zaidi ya miaka 1,500. Na moto wa wazi wa kupikia haufikishi joto la hatua ya 3.

Binti Saidi: Kwa nini vyombo vya Misri si angavu? Walishindwa?
Fundi: Hawakushindwa, hawakutaka. Walitia antimoni makusudi ili kioo kizibe mwanga kama jiwe. Watu wa Mesopotamia waliita johari ya bluu ya kuchimbwa "lazuli ya mlimani" na kioo "lazuli ya tanuri". Kilikuwa kitu cha wafalme. Kati ya barua za kale za wafalme zilizokutwa Amarna, moja ni ya Yidya, mtawala wa Ashkeloni, akimjulisha Farao kwamba anampelekea vipande 30 vya kioo alivyoagiza.

Mpita Njia: Ndefu sana. Kwa kifupi, nahitaji mchanga na nini?
Fundi: Hatua ya 2.

MwanaKilwa: Pwani yetu kioo kilifika lini?
Fundi: Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK unataja "mawe ya kioo" ya aina mbalimbali kati ya bidhaa zilizoletwa bandari za huku, mpaka Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii.

MwanaKilwa: Bibi ana shanga za zamani. Nitajuaje zilivyotengenezwa?
Fundi: Tazama mapovu kwa lenzi kwenye mwanga wa jua. Yakilala sambamba na tundu, ilikatwa kutoka mrija uliovutwa. Yakizunguka tundu, kioo kilizungushwa kwenye ufito, kama hatua ya 6. Usizioshe kwa ndimu wala siki. Na ukiokota moja magofuni, irudishe pale pale.

MwanaKilwa: Nimetazama saba. Sita mapovu yamelala, moja yanazunguka.
Fundi: Hiyo moja ipige picha, uiweke hapa.