Kumtoa bahili jukwaani: kutoka igizo la Molière hadi filamu ya Tabora

Wenye mkono wa birika wapo kila mtaa, ndiyo maana nilichagua L'Avare (yaani Bahili), komedi ya Mfaransa Molière iliyochezwa Paris mara ya kwanza mwaka 1668. Tuliihamishia Tabora, uani kwa mfanyabiashara wa asali pale mtaani Ng'ambo. Ukitaka kufanya kazi kama hii, shika hili tangu mwanzo: unachohamisha si maneno, ni kile kinachowachekesha watu.

Hatua ya 1: Maliza suala la haki

Molière alifariki mwaka 1673, igizo lake halina mwenyewe tena. Tafsiri ni jambo jingine. Kwa sheria ya Tanzania, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na mfasiri naye analindwa. Omba ruhusa kwa maandishi. Kibali cha kurekodi utakipata Bodi ya Filamu. Kishughulikie kabla hujakodi kamera.

Hatua ya 2: Tafuta mzizi wa kila kicheko

Soma igizo lote kwa sauti. Kila panapochekesha, andika pembeni watu wanacheka kwa nini. Usiharakishe hapa, filamu inapona au kufa kwenye hatua hii.

Chukua mfano wa mahari. Harpagon, yule bahili, anataka kumwoza binti yake Élise kwa mzee Anselme. Kila akipewa sababu ya kukataa, jibu lake ni moja: bila mahari! Ufaransa ya wakati ule, baba wa binti ndiye aliyetoa mali, kwa hiyo mkwe asiyedai kitu amemwokolea fedha. Ukilifasiri neno kwa neno, mtazamaji wa Tabora atabaki anashangaa: bahili gani huyu anayefurahia kukosa mahari? Kwetu mali hutoka kwa mume. Basi tukaligeuza.

"Baba, binti analia."
"Ng'ombe ishirini."
"Mume mwenyewe ni mzee kuliko wewe."
"Ng'ombe ishirini."

Maneno yamepinduka, ubahili umebaki palepale. Marudio usiyapunguze, kicheko kinapanda kwayo. Ila mara ya nne tulimnyima sauti: anahesabu kwa vidole tu, midomo ikicheza.

Hatua ya 3: Futa kinachoonekana

Jukwaani mwigizaji hueleza kwa mdomo kwa sababu aliyekaa nyuma haoni uso wake. Kamera inaona hadi jasho. Kwenye igizo yupo Maître Jacques, mpishi ambaye pia huendesha gari la farasi. Humuuliza bosi anasema na nani kati ya hao wawili, kisha hubadili koti. Wetu ni mpishi na dereva wa pikipiki. Mistari yake ya maelezo tuliifuta yote. Anavua aproni, anaitundika msumarini, anaokota helmeti juu ya gunia la mkaa, anafunga mkanda taratibu, ndipo anageuka: "Haya mzee, sasa sema na dereva."

Hatua ya 4: Wape wahusika hadhira yao

Mwishoni mwa tendo la nne Harpagon anakuta sanduku lake la fedha limeibwa. Anapiga kelele, anamkamata mwizi, kumbe ameshika mkono wake mwenyewe. Kisha anawageukia watazamaji: je, mwizi yumo kati yenu? Mara ya kwanza tulimwacha aitazame kamera. Tukaonyesha kwenye kibanda umiza, kimya kikatanda. Filamu nzima mzee hakuwahi kutusemesha, sasa ghafla anatuuliza sisi!

Tulirudia. Safari hii majirani walijaa wakichungulia juu ya ua wa michongoma, naye yuko shimoni chini ya mwembe akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Mkono tuliurekodi kwa karibu sana: kiganja chenye udongo kinakamata kiwiko, kinakaza, halafu ndipo tunauona uso.

Hatua ya 5: Acha nafasi ya kucheka

Mwigizaji wa jukwaani husubiri kicheko kiishe. Filamu haimsubiri mtu, ikienda imeenda, na neno linalofuata linamezwa. Kwa hiyo kila mkimaliza sini, rekodi dakika moja ya kila mhusika akisikiliza tu. Wakati wa kuhariri, uso huo uweke mara baada ya neno linalochekesha. (Na msimu wa maembe usirekodi sauti chini ya bati. Embe moja likidondoka, sini imeharibika.)

Hatua ya 6: Fupisha ufunuzi, tunza shoti ya mwisho

Tendo la tano lina maelezo marefu ya familia iliyotenganishwa na ajali ya meli. Picha moja ya zamani, iliyokatwa nusu, ilitutosha. Lakini neno la mwisho la Harpagon usiliguse: wengine wanakwenda kwenye furaha yao, yeye anataka kuliona sanduku lake. Tulirekodi saa kumi na mbili jioni, kamera ikiwa mlangoni. Vigelegele vinaishia barabarani, mzee anaingia ndani amelikumbatia, na kabla hajalifungua anazima taa ili asile umeme.