Jaribio Likipita Leo na Kugoma Kesho, Chafua Kumbukumbu

Hapa Ngamiani, Tanga, tunaandika programu ya C ya kupima kina cha maji kwenye tenki. Jaribio moja lilitutesa wiki nzima: kwangu linapita, kwa mwenzangu linagoma, akirudia linapita. Tukasingizia hadi waya wa kihisi. Kumbe ni malloc, funksheni ya C ya kuomba kumbukumbu. Hiyo hukupa chombo bila kukiosha, unakipokea na shombo la samaki wa jana.

Hatua ya kwanza: chafua makusudi. Wengi hukimbilia calloc, inayojaza sifuri. Kwenye majaribio siipendi, maana tenki tupu ni sifuri, na kina ulichosahau kukijaza nacho kitasomeka sifuri. Utajuaje? Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya C iliyo na malloc) endesha hivi:

MALLOC_PERTURB_=165 ./jaribio

Kumbukumbu mpya inayotoka malloc itajaa baiti za 0x5A (ndiyo 165 biti zake zikigeuzwa). Kina nilichosahau kikasomeka sentimita 1515870810, kila mara, kwenye kompyuta zote mbili. Tenki refu kuliko unene wa dunia!

Vigeu vya ndani ya funksheni vinakaa kwenye staki, sehemu nyingine ya kumbukumbu, hivyo malloc haivihusu. Kompaili na -ftrivial-auto-var-init=pattern; kompaila ya GCC inayo kuanzia toleo la 12, ya Clang nayo inayo.

Hatua ya pili: mtafute mhusika. Kompaili upya bila hiyo -ftrivial-auto-var-init, weka -g ili namba za mistari zionekane, kisha endesha kwa Valgrind, programu ya kukagua kumbukumbu:

valgrind --track-origins=yes ./jaribio

Itakuonyesha kumbukumbu hiyo iliombwa mstari gani. Ila usiijaze kwanza kwa memset: Valgrind ikiona umeandika chochote, inahesabu baiti zimejazwa na inanyamaza. Hapo nilipoteza mchana mzima.

Hatua ya tatu ndiyo yenye mtego. Rekodi yetu ina char moja (herufi, baiti 1) na int (namba kamili) ya baiti 4. Ungedhani jumla ni 5, lakini sizeof inasema 8. Kompaila imeacha baiti 3 katikati ili int ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Tulikuwa tunalinganisha rekodi kwa memcmp, nayo hulinganisha hata hizo 3 ambazo hakuna aliyeziandika. Jaza sehemu zote mbili vizuri, bado jaribio linaweza kugoma. Linganisha char kwa char, int kwa int, basi.

Mwisho, rudia kwa MALLOC_PERTURB_=90. Majibu yakitofautiana na ya 165, kuna chombo bado kina shombo; rudi hatua ya pili.