Dakika mbili za kwanza: namna ya kuwasilisha mada kazini huku moyo ukienda mbio

Kazi yangu ni kuwaandaa watu ambao kuzungumza si fani yao: wahasibu wanaotakiwa kuieleza bodi hesabu za mwaka, wahandisi wanaotetea bajeti ya mradi, wauguzi wakuu wanaofundisha utaratibu mpya. Wengi huja na ombi moja: "Niondolee huu woga." Ombi hilo silikubali. Woga hauondoki kwa kuamriwa, na wazungumzaji wazuri ninaowajua viganja bado huwatoka jasho kabla ya kusimama. Kinachowezekana ni kuubana pale unapouma zaidi, yaani mwanzoni. Kwa watu wengi moyo hudunda kwa nguvu zaidi karibu na sentensi za kwanza, kisha hutulia kadiri mdomo unavyozoea. Ukizivuka salama dakika mbili za mwanzo, zinazofuata ni kazi ya kawaida. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu mambo yanayofanyika kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 1: Jua mwili unafanya nini

Macho ya watu wengi yakikuelekea wewe peke yako, ubongo huyachukulia kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, koo hukauka, mikono hutetemeka. Haina maana kwamba huijui mada. Hali hii hutokea kwa uhakika kiasi kwamba watafiti wa msongo huitumia makusudi: jaribio lililobuniwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993, humtaka mtu mwenye afya njema azungumze kwa dakika 5 mbele ya jopo lisilotabasamu wala kutikisa kichwa, kisha apige hesabu za kichwa kwa sauti. Homoni ya msongo iitwayo kotisoli hupanda kwa wengi wao. Likumbuke jopo hilo lisilotabasamu. Tutakutana nalo tena kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja kabla ya slaidi yoyote

Unataka watu wafanye nini ukimaliza? "Nataka bodi iidhinishe mitambo miwili mipya kabla ya robo ijayo ya mwaka." Kama huwezi kuiandika, hujawa tayari kufungua programu ya slaidi. Sehemu kubwa ya kubabaika ninayoiona hutoka hapa: mtu ana taarifa nyingi, hajui anazipeleka wapi.

Hatua ya 3: Kariri mwanzo na mwisho, katikati uache

Sentensi nne au tano za kwanza zikae kichwani kama namba yako ya simu. Hapo ndipo ulimi huwa mzito, na kilichokaririwa hutoka chenyewe hata akili ikiwa imeshtuka. Ingia kwenye jambo moja kwa moja. "Mwezi uliopita mtambo mmoja ulitusimamisha kwa saa 40" humfanya msikilizaji ainue kichwa. "Naomba mnivumilie, sikupata muda wa kujiandaa" humfanya aanze kutafuta kasoro zako.

Na usiombe radhi kwa sababu ya woga, kwa kuwa huenda hakuna aliyeuona. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wazungumzaji hudhani wanaonekana wana woga kuliko wasikilizaji wanavyowaona kweli. Tena, waliodokezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri kuliko ambao hawakudokezwa. Basi na wewe umeshadokezwa.

Sentensi ya mwisho nayo ikariri, maana wengi humalizia kwa kufifia: "Basi… nadhani ni hayo tu." Sehemu ya katikati iwe vichwa vya hoja kwenye karatasi, si zaidi ya vitano. Anayekariri hotuba nzima neno kwa neno hujitegea mtego, kwa sababu neno moja likipotea hajui pa kuendelea.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama

Kusoma kimya kwenye skrini hakumsaidii mtu. Mdomo nao hufundishwa. Simama, tumia sauti utakayoitumia siku yenyewe, washa saa. Utagundua kuna sentensi isiyotamkika kwa pumzi moja. Ikate vipande viwili. Utagundua pia kwamba muda umepita kuliko ulivyodhani. Hapo punguza maudhui, usiongeze kasi. Ukipewa dakika 10, andaa za 8. Vikao huchelewa kuanza, na anayepunguziwa muda ni yule aliye mwishoni mwa ratiba.

Panda ngazi polepole: kwanza peke yako, kisha mbele ya simu inayorekodi, kisha mbele ya mwenzako mmoja, kisha watatu. Hivi ndivyo woga wa aina nyingi unavyotibiwa: unakutana na unachokiogopa kwa vipimo vinavyoongezeka, tena na tena, mpaka mwili uchoke kushtuka. Kuruka kutoka chumbani kwako hadi mbele ya watu 200 kunaweza kukurudisha nyuma.

Rekodi yako itazame mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti, uangalie mikono na macho tu. Mara ya pili funga macho, usikilize kasi na vijazio: "aa", "yaani", "kwa hiyo", "sawa?". Sauti itakukera, jambo ambalo humpata kila mtu, kwa kuwa siku zote unajisikia pia kupitia mifupa ya fuvu na kwenye rekodi mifupa hiyo haipo. Usichague kurekebisha mambo saba. Chagua moja.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote, ingawa wanafunzi wangu wanalichukia: mwenzako akukatishe katikati kwa swali la kuudhi, kisha azime projekta, na wewe uendelee. Ukishakatishwa hivyo chumbani, ukumbini haitakuwa mara yako ya kwanza.

Hatua ya 5: Kagua mahali na vifaa

Fika mapema. Simama pale utakaposimama, sema sentensi zako za kwanza ukumbi ukiwa mtupu, jaribu kipaza sauti. Karatasi nyepesi hutetemeka ukiishika na kutangaza woga wako. Tumia kadi ngumu au iweke mezani. Kielekezi cha leza ni kibaya zaidi, kile kitone chekundu hucheza ukutani watu wakitazama. Sema tu "safu ya tatu kutoka kushoto". Maji yawe karibu, lakini glasi isijazwe.

Kama kikao ni cha mtandaoni, bandika vichwa vya hoja karibu na kamera, ficha picha yako mwenyewe, na simama ukiweza.

Hatua ya 6: Dakika kumi za mwisho

Acha kusoma slaidi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au zaidi, rudia kwa dakika mbili tatu. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakofanya kazi hapa, kwa sababu moyo hupunguza kasi wakati pumzi inatoka. Vinywaji vyenye kafeini viache. Moyo umeshapata kichocheo cha kutosha.

Kisha jiambie nini? Ushauri uliozoeleka ni "tulia, tulia". Mimi siutoi tena. Alison Wood Brooks wa Harvard Business School alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojiambia "nina msisimko" kabla ya kuhutubia walionekana wenye ushawishi na kujiamini kuliko waliojiambia "nimetulia". Nadhani sababu ni kwamba moyo unaodunda hauwezi kudanganywa kwamba umelala, ila unaweza kuambiwa kwamba una hamu ya kuanza.

Kuna wanaoulizia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama propranololi. Zipo, na baadhi ya wanamuziki huzitumia, lakini zinaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu. Hilo ni la kuzungumza na daktari, si na mwenzako wa dawati la jirani.

Hatua ya 7: Anza

Tembea hadi mahali pako, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, tazama watu, hesabu moja mbili tatu kimyakimya. Ndipo uanze. Ukimya huo kwako ni mrefu mno. Kwao ni mtu aliyejipanga.

Sasa lile jopo. Katika kila ukumbi kuna mtu aliyekunja uso na jicho lako litamwendea yeye. Mwache. Huenda anawaza foleni ya barabarani. Tafuta nyuso tatu zinazotikisa kichwa, moja kushoto, moja katikati, moja kulia, na mpe kila mmoja sentensi nzima kabla ya kuhama. Baada ya dakika mbili utakuwa na nguvu ya kumtazama hata yule aliyenuna.

Hatua ya 8: Ukisahau ulipofikia

Rudia sentensi yako ya mwisho, polepole. Isipotosha, angalia karatasi bila kujificha, kunywa maji, endelea na kichwa kinachofuata. Kama umeruka hoja, usiitangaze. Hawana nakala ya mpango wako.

Hatua ya 9: Maswali

Usiku uliotangulia, andika maswali matatu ambayo usingependa kuulizwa, na uyajibu kwa sauti. Hayo matatu hukusaidia kuliko slaidi kumi za ziada. Ukiulizwa, msikilize mtu mpaka amalize, nyamaza kidogo, jibu kwa ufupi. Usipojua, sema: "Takwimu hiyo sina hapa, nitakutumia kesho kabla ya saa sita." Halafu uitume kweli. Jibu la kubuni likigundulika, hata yale uliyoyasema kweli yataanza kutiliwa shaka.

Pendekezo moja la mpangilio: chukua maswali kabla ya hitimisho, si baada yake. Hivyo neno la mwisho linabaki kuwa ile sentensi uliyoikariri, badala ya mabishano kuhusu tarakimu ya ukurasa wa 14.

Hatua ya 10: Omba nafasi nyingine kabla ya mwezi kuisha

Jioni hiyo andika mistari miwili: kilichokwenda vizuri, na kimoja cha kurekebisha. Kisha tafuta nafasi ndogo: dakika tatu za taarifa kwenye kikao cha idara, kumtambulisha mgeni, kufungua mafunzo. Vilabu vya Toastmasters, vya kujizoeza kuhutubia, vilivyoanza Marekani mwaka 1924, vinafaa kwa anayekosa nafasi kazini. Hotuba za huko kwa kawaida huwa za dakika 5 hadi 7, taa hukuonyesha muda, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kila "aa" uliyoitoa. Na kama woga wako umefika mahali pa kukataa vyeo au kukosa usingizi wiki nzima, anza na mwanasaikolojia ndipo urudi kwenye hatua ya kwanza.